Kitabu kimoja mara ya nne, eti napoteza muda?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mlinzi wa usiku huku Mwanza, lindoni tuko wawili. Usiku ni mrefu, bando likiisha simu haina kazi tena, kwa hiyo nina vitabu vyangu vinne kwenye begi navizungusha tu, nikimaliza cha nne narudi cha kwanza. Sasa mwenzangu ananicheka kila siku, "vipi, mwisho umebadilika?" Juzi kanikuta na Rosa Mistika mara ya nne akasema huo ni uvivu, nikakosa la kumjibu. Vipya natamani ila bei zake unazijua mwenyewe. Kweli napoteza muda? (Mlinzi wa Nyegezi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na lindo. Huyo mwenzako muulize kwanza, goli la timu yake akishaliona uwanjani huwa haliangalii tena kwenye simu? Mara ngapi? Na alipokuwa mdogo hakumsumbua bibi arudie stori ile ile ya Sungura na Fisi, tena bibi akikosea neno moja anamsahihisha? Watoto wa madrasa nao wakishakhitimu msahafu hawaufungii kabatini, wanaanza upya. Sasa sijui vitabu vya hadithi vimekosa nini.

Umekitaja Rosa Mistika, basi hapo umenigusa, maana mi mwenyewe nishakisoma mara tatu na kila mara nilikuwa kama nasoma kingine. Mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, tumekifunika gazeti kwa nje kwa sababu tulishasikia kwamba mwandishi wake, Kezilahabi, alipokitoa mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni, na bweni la wasichana likisikia marufuku basi tena, kila mtu anakitaka. Zamu yangu ilikuwa usiku mmoja na tochi. Nikakimbilia kurasa zile, unazijua, nikaruka mpaka mwisho nione Rosa kaishia wapi, asubuhi nikakabidhi.

Mara ya pili nishaanza kazi, nimenunua nakala yangu, na najiona nina akili kweli kweli, nikaandika pembeni kwa penseli "alijitakia".

Ya tatu ndo iliyonikalisha chini. Binti yangu alikuwa kaanza sekondari, mwezi ule ule nilikuwa nimemnyang'anya simu kwa makelele mtaa mzima umesikia, maelezo sikumpa hata moja. Nafungua kitabu, kurasa za mwanzo tu kule Ukerewe, Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Hizo kurasa zamani nilizipita mbio sijui nawahi wapi! Safari hii mwisho naujua, hakuna kinachonivuta mbele, nikabaki hapo hapo najiuliza hili jambo limeanza lini. Mtoto kalelewa kuwaogopa wanaume, hakuna aliyekaa naye akamweleza chochote zaidi ya kipigo, baba mwenyewe mlevi, mama naye ana mzigo wake, halafu anapelekwa shule mbali na macho ya baba na mnategemea ajiongoze? Nikafika kwenye ile "alijitakia" yangu nikaona aibu, nikachukua kifutio. Haikufutika vizuri, mpaka leo inasomeka. Na Kezilahabi alizaliwa 1944, yaani hayo yote kayaona akiwa kijana wa miaka 27 hivi, mi yamenichukua mpaka kuzaa.

Ila nisikudanganye, sio kila kitabu kina hadhi ya kurudiwa. Vile vya upelelezi vingi nikishamjua muuaji nagawa, na kuna kimoja nilikipenda sana nikiwa na miaka 20 nimekirudia mwaka jana nikakiacha katikati, nikashangaa nilikuwa nalia nini. Pia usikirudie kitabu kesho yake tu baada ya kukimaliza, kiache hata mwaka, maisha yakugonge gonge kidogo kwanza. Na beba penseli, andika unachofikiri na mwaka, kama kitabu ni chako lakini. Hivyo vinne vikikuchosha, maktaba ya mkoa ipo hapo hapo mjini, pita siku ambayo huna lindo.

Kuhusu mwenzako, usibishane naye. Mpe kitabu usiku mmoja na umwambie mwisho kabisa kabla hajafungua, kwamba Rosa anajiua (samahanini ambao hamjakisoma), yeye kazi yake ni kusoma toka mwanzo akuambie nani wa kulaumiwa. Mi nilishajibu hilo swali kwa penseli na unaona yaliyonikuta.