Sindano ya jicho: kwa nini moja haitoshi

SWALI: Mama yangu ana kisukari mwaka wa 12 sasa. Kule Mbeya waliona retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) imevimba katikati, wakamchoma sindano ndani ya jicho, wakasema arudi kila mwezi. Anasema anaona vizuri, na nauli inatubana. Hiyo moja haitoshi? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu. Sukari ya miaka mingi imedhoofisha vimishipa vya retina, navyo vinavuja. Retina iliyokosa damu hutoa protini iitwayo VEGF, inayozidisha kuvuja. Dawa za sindano hiyo, yaani bevasizumabu, ranibizumabu na aflibasepti, huinasa protini hiyo, ila nguvu ya dozi hupungua baada ya wiki 4 hivi na maji hurudi. Ndiyo maana wengi huanza na sindano za kila mwezi, mara nyingi 3 hadi 6, kisha jicho likitulia nafasi huongezwa.

Bei? Ulizieni bevasizumabu. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani; jicho huhitaji miligramu 1.25 tu, hivyo chupa moja hugawiwa wengi. Utafiti wa Marekani wa 2015 ulikuta dawa zote tatu zinakaribiana kwa ambao uono wao haujaharibika sana. Walioanza na uono hafifu walinufaika zaidi na aflibasepti mwaka wa kwanza.

Habari ya nauli mwambieni daktari sasa, msingoje hadi mkose miadi. Kama pia kuna mishipa mipya ya damu iliyoota kwenye retina, leza (tiba ya mwanga mkali) ni salama zaidi kwa asiyeweza kurudi, maana kazi yake hudumu. Mgonjwa wa sindano pekee akipotea miezi kadhaa, anaweza kurudi retina imevutwa ikabanduka.

Baada ya sindano, jicho kukwaruza na doa jekundu si tatizo. Maumivu yanayozidi au uono kufifia ndani ya wiki ya kwanza ni dharura: hospitali siku hiyohiyo, si duka la dawa. Matone ya dukani hayamalizi maambukizi yaliyo ndani ya jicho.

SWALI: Mimi nina madoa machache tu ya kisukari kwenye retina, naona vizuri. Nichomwe mapema? – Msomaji, Makambako

JIBU: Hapana. Katika utafiti, waliochomwa mapema walipata mishipa mipya kwa uchache, lakini baada ya miaka 4 uono wao haukuwashinda waliosubiri. Ulizia kidonge cha fenofibreti (dawa ya mafuta ya damu), baada ya kupima figo: katika utafiti wa Uskoti wa 2024 kilipunguza kusonga mbele kwa ugonjwa kwa asilimia 27. Presha nayo ishuke, na retina ipigwe picha kila mwaka, au mapema zaidi daktari akisema.