Plagi za samoni kutoka Kanada, zitamfaa sangara?

Mkuu, umeuliza kama plagi za samoni (visamaki vya bandia vya kuburuta nyuma ya boti) alizokutumia kaka yako kutoka Kanada zitamnasa sangara, na uanze na rangi gani. Rangi iache kwanza. Kabla sijarudi Moshi nilikuwa kibarua kwenye boti za uvuvi wa kitalii British Columbia, na kule chambo cha bandia kilipimwa kwanza kwa mchezo wake majini.

Hizo plagi hazizami zenyewe. Kinachozishusha ni tufe la risasi la kilo 5 hivi, linaning'inia kwa waya. Mshipi unabanwa kwenye kibanio hapo kwenye tufe. Samaki akigonga, unafyatuka, mnabaki wewe na yeye. Acha mita 10 hadi 20 kati ya tufe na plagi. Mwendo kilomita 4 au 5 kwa saa, kama mtu anayetoka Kiboriloni kwenda mjini bila haraka. Ukizidisha sana, inajiviringisha na mshipi unasokoteka.

Sasa ishike uitazame. Uso umekatwa mshazari, na mkato huo ndio unaoiyumbisha kushoto kulia. Nyingi zina tundu linalopita mwilini: mshipi unaingia puani, unatokea chini, ndipo unafunga ushanga na ndoana. Samaki akinasa, plagi inateleza kupanda mshipi, kwa hiyo akitikisa kichwa hana uzito wa kumsaidia kuing'oa ndoana. Ukiifunga fundo puani umeua kazi yote hiyo. Zenye kijicho cha waya puani, cha kufungia mshipi, ni habari nyingine: ikivutia kulia, pinda kijicho kushoto, kidogo sana.

Kwa kuwa uko Arusha, kazijaribu Ziwa Duluti. Toa ndoana, mwenzako apige kasia taratibu, wewe iangalie ubavuni mwa mtumbwi. Isiyocheza vizuri hapo haitacheza Mwanza. Bwawa la Nyumba ya Mungu usijisumbue, perege si wa kukimbiza plagi.

Rangi sasa: nyekundu hupotea mapema kina kikiongezeka, ndiyo maana chini tulipenda kijani, buluu na zinazong'aa gizani. Kwa Ziwa Victoria ningeanza na nyeupe.

Kagua ndoana pia. Sheria ya kule kwa samoni inataka zisizo na kijimwiba, kile cha nchani kinachozuia ndoana kuchomoka, na sangara akiruka akatikisa kichwa, atakuaga. Weka zenye kijimwiba, na mbele yake nailoni nene, maana mashavu yake yanakata.

Nguru wa Pangani usimpelekee hizi. Boti zinazomvua huenda mbio kuliko plagi hizi zinavyoweza kuhimili, na bila kipande cha waya mbele ya ndoana atakata kila kitu.