Simu zinazosubiri mizani: kusimamisha na kuamsha muunganisho kwenye libmicrohttpd

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Tukuyu. Kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai nimeunganisha Raspberry Pi na mizani, na programu yangu ya C inatumia GNU libmicrohttpd, maktaba inayoiwezesha programu kuwa seva ndogo ya wavuti. Makarani hufungua ukurasa kwa simu, nao unasubiri uzito mpya. Zamani fanksheni yangu ya kutoa data ilikuwa inarudisha 0 uzito ukichelewa, prosesa ikapanda hadi asilimia 100. Nikahamia MHD_suspend_connection, fanksheni ya kuusimamisha muunganisho kwa muda. Prosesa imetulia, ila baada ya saa chache seva inakataa simu mpya (nimeweka kikomo cha miunganisho 20), mara nyingine simu haiamki kabisa, na nikiizima programu inaanguka. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ile 0 ulifanya vyema kuiacha. Maktaba ikiwa inajiendesha kwa uzi (thread) wake wa ndani, 0 ni kama kuiambia "niulize tena", nayo inauliza papo hapo bila kupumzika.

Sasa, ukisimamisha muunganisho, libmicrohttpd inautoa kwenye mzunguko wake na kukukabidhi wewe. Tangu hapo muda wa kuisha (timeout) hauhesabiwi, na karani akifunga ukurasa au akishuka bondeni kusiko na mtandao, maktaba haijui. Lakini kwenye kikomo chako cha 20 muunganisho huo bado unahesabiwa. Ni kama lori lililoambiwa likae pembeni pale Tunduma: haliendi popote, na nafasi ya maegesho limeichukua. Simu 20 zikishapotea hivyo, ya 21 inakataliwa.

Kwa hiyo weka orodha yako mwenyewe ya waliolala, kila mmoja na saa aliyolala. Uzi mmoja uipitie, na aliyelala sekunde 25 umwamshe hata kama uzito haujafika. Mpe jibu tupu la 204 ("hakuna cha kutuma"), ukurasa utauliza tena wenyewe. Halafu weka MHD_OPTION_CONNECTION_TIMEOUT, tuseme sekunde 15, kwa sababu usipoiweka hakuna kikomo cha muda. Saa hiyo huanza upya muunganisho unapoamshwa, na ndiyo itakayofagia simu zilizopotea. Ukija kuweka nginx (seva ya kupokea maombi na kuyapitisha kwako) mbele, kumbuka kwamba kwa kawaida yake husubiri jibu sekunde 60 tu, hivyo 25 bado ni salama.

Simu isiyoamka ni jambo lingine, na hapa twende polepole. Nahisi unaangalia kama uzito upo, unakuta haupo, kisha unasimamisha. Katikati ya hatua hizo mbili uzi wa mizani unaweza kuleta uzito, ukatazama orodha, ukaikuta tupu, ukaondoka. Wewe ndiyo kwanza unalala, na wa kukuamsha ameshapita. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukijiandika kwenye orodha kabla ya kusimamisha, uzi wa mizani unaweza kuita MHD_resume_connection (ya kuamsha) kwa muunganisho ambao haujalala, na hapo maktaba haikuahidi lolote. Dawa ni kufuli (mutex) moja, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. Ndani ya fanksheni inayopokea maombi, funga kufuli, angalia uzito, kama haupo simamisha, jiandike kwenye orodha, fungua kufuli, kisha urudishe MHD_YES bila kupanga jibu lolote. Uzi wa mizani nao uweke uzito, uondoe jina na kuamsha, yote chini ya kufuli hilohilo. Baada ya kuamshwa, fanksheni yako itaitwa tena kwa ombi lilelile. Ile pointa ya ombi uliyoijaza mwanzo utaikuta na hali yako ndani yake, basi jibu hapo. Usisimamishe muunganisho kutoka uzi mwingine. Kuamsha unaweza kutoka popote.

Hakikisha pia umeanzisha seva na alama (flag) ya MHD_ALLOW_SUSPEND_RESUME. Kwenye mifano ya zamani utaiona kama MHD_USE_SUSPEND_RESUME. Ni ileile.

Kuhusu kuanguka: hairuhusiwi kuita MHD_stop_daemon (ya kuzima seva) wakati kuna muunganisho uliolala. Amsha wote kwanza. Kuna mtego hapo ulionikosesha usingizi kwenye kazi moja ya maziwa Njombe: niliwaamsha wote, fanksheni ikaitwa tena, ikakuta hakuna maziwa mapya, ikawalaza tena palepale. Tangu siku ile naweka kigeu kiitwacho `tunazima`. Kinawashwa chini ya kufuli kabla ya kuamsha watu, na fanksheni ikikiona haimlazi mtu, inajibu 503 ("huduma haipatikani") na kumaliza. Kumbukumbu (memory) ya kila ombi uiachilie (free) ndani ya fanksheni uliyoisajili kwa MHD_OPTION_NOTIFY_COMPLETED, ile inayoitwa ombi likiisha; usiiachilie kwingine.

Ukimaliza, fungua ukurasa kwa simu moja, kisha uiweke kwenye hali ya ndege. Soma MHD_DAEMON_INFO_CURRENT_CONNECTIONS (idadi ya miunganisho iliyopo) kupitia MHD_get_daemon_info kila sekunde tano. Inapaswa kushuka ndani ya dakika moja hivi. Isiposhuka, nitumie ile sehemu ya kufuli niione.