Presha kushuka kwenye mashine ya figo: usisubiri mkanda ukwambie

Wadau mnaopeleka wagonjwa kusafisha damu, hii inawahusu hasa nyie mnaokaa nje mnachati mkijua mashine inaangalia kila kitu. Mi nampeleka mama, tunatokea Mbagala, na nachoweza kuwaambia ni kwamba presha haishukagi ghafla kama tunavyosema, mwili unaificha kwanza. Mashine inavuta maji, damu inapungua kwenye mishipa, sasa mwili unabana mishipa midogo ya vidoleni na kwenye ngozi ili moyo na ubongo visikose, kwa hiyo mkanda wa kupimia presha mkononi unasoma vizuri tu, 130, 128, alafu mwili ukishindwa unakuta 85 na mgonjwa anatapika. Na huo mkanda wenyewe unapima kwa vipindi, sio muda wote.

Ndo maana watafiti wamekomaa na sensa za mwanga. Kitu chenyewe ni kilekile cha kubana kidoleni tulichokizoea kipindi cha korona: taa inamulika ngozi, damu inanyonya mwanga, kila pigo la moyo linachora wimbi. Mishipa ya kidole ikijibana wimbi linapungua urefu, hata kama presha haijaanza kushuka, na kompyuta ikifuatilia pigo kwa pigo inaweza kushtua mapema.

Ila msikimbilie famasi jamani! Hako ka elfu kadhaa kanakupa oksijeni na mapigo, mgonjwa anaweza kusoma oksijeni 98 huku presha iko chini. Alafu kiyoyozi cha mle ndani kinapooza vidole, wimbi linashuka bure, bado piko kwenye kucha na mkono unaotikisika.

Kwa sa hivi sensa ni wewe. Mama akianza kupiga miayo, kutoka jasho, misuli kukaza au kunyamaza tu wakati alikuwa anapiga stori, namwita sista hapohapo, hata kama mkanda umetoka kusoma poa. Sista anapunguza kasi ya kuvuta maji, anamlaza miguu juu, ikibidi anamwongezea maji ya dripu. Akikuona msumbufu akuone tu.

Kazi kubwa lakini iko nyumbani. Mtu wa kilo 60 akija na lita 3 za maji yaliyojaa mwilini, za kutoa kwa masaa 4, hiyo ni mililita 12.5 kwa kila kilo kwa saa, na wataalamu wengi hawapendi ivuke 13. Sasa akija na lita 4 je? Chumvi ndo inaleta kiu, kwa hiyo anza na chumvi kabla hujamgombeza kwa maji. Dawa za presha za asubuhi muulize daktari zinywewe saa ngapi, usijiamulie. Supu na chapati zisubiri ashuke kwenye mashine maana akila damu inakimbilia tumboni. Akimaliza akae kwanza, apimwe akiwa amesimama, na kurudi tafuteni bajaji, boda hapana.