Maswali ya Wasomaji: Risiva ya Sinema ya Nyumbani, Kuanzia Dukani Hadi Maikrofoni

SWALI: Nataka kuachana na redio ya sabufa niliyonayo, ninunue risiva (mashine inayopokea sauti na kuendesha spika zote) na spika tano. Dukani nimeonyeshwa seti iliyoandikwa wati 3,000 PMPO, na kando yake risiva iliyoandikwa wati 80 tu kwa kila chaneli, tena bei yake ni mara mbili. Sebule yangu ni mita 5 kwa 4. Kwa nini nilipe zaidi nipate wati chache? (Msomaji, Tanga)

Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muziki, haina kanuni ya upimaji inayokubalika popote, kila kiwanda hujipangia chake, kwa hiyo usiilinganishe na chochote. Tafuta kwenye boksi au kwenye kitabu cha maelekezo mstari unaotaja mambo manne kwa pamoja: omu ngapi (ukinzani wa spika), chaneli ngapi zikifanya kazi kwa wakati mmoja, masafa gani, na upotoshaji kiasi gani. Mstari wa kuaminika husomeka hivi: wati 80, omu 8, chaneli 2, Hz 20 hadi 20,000, upotoshaji asilimia 0.08. Risiva hiyohiyo ikipimwa kwa omu 6, chaneli moja peke yake, Hz 1,000 tu na upotoshaji ukaachwa ufike asilimia 1 au hata 10, itaandikwa wati 140 na kuendelea. Mara nyingi hiyo ndiyo namba iliyochapwa kwa herufi kubwa.

Kisha angalia wati zinakupa nini masikioni. Kutoka wati 80 kwenda 100 unaongeza desibeli 1, tofauti ambayo ni wachache wataisikia. Kupata desibeli 3 lazima wati ziwe maradufu, na ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana tunashauri usome kwanza unyeti wa spika. Spika ya desibeli 89 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1, ukiilinganisha na ya desibeli 86, ni sawa na kupewa risiva yenye nguvu maradufu bure. Katika sebule yako, ukikaa mita 3 kutoka kwenye spika za desibeli 88, wati 80 za kweli zinatosha kwa filamu yoyote.

Pesa igawe hivi: sehemu kubwa iende kwenye spika za mbele na ya kati, kisha sabufa yenye amplifaya yake yenyewe, halafu risiva. Kwenye risiva yenyewe tusingehangaika na idadi ya mapambo kwenye rimoti. Tungeangalia vitu vitatu. Cha kwanza ni mfumo wake wa kupima chumba kwa maikrofoni na kurekebisha sauti. Denon na Marantz hutumia Audyssey, na katika ngazi zake XT32 ndiyo yenye usahihi zaidi, hasa kwenye besi; Yamaha wana YPAO; Dirac Live inapatikana kwa Onkyo kadhaa na kwa baadhi ya Denon na Marantz ukilipia leseni. Cha pili ni tundu la HDMI lenye eARC, linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva. Cha tatu ni matundu ya pre-out, yanayokuwezesha baadaye kuongeza amplifaya ya nje bila kuitupa risiva.

SWALI: Kaka yangu aliye Marekani ananunua risiva mpya kwa bei nafuu, anataka kunitumia. Je, nitaitumia kwa transfoma ya kawaida? (Msomaji, Mombasa)

Mwambie kwanza akupigie picha ya mgongo wa mashine, pale waya wa umeme unapoingilia. Ikiwa imeandikwa AC 120V 60Hz bila namba nyingine, haina swichi ya kubadili volti, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Kenya wa volti 240 itaungua.

Transfoma itafanya kazi, ila chagua kwa makini. Soma matumizi ya umeme yaliyoandikwa mgongoni, kisha chukua transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu au zaidi. Kwa wati 500, usishuke chini ya VA 750. Iwe transfoma nzito yenye chuma ndani, si kile kibadilishi chepesi cha wasafiri kilichotengenezwa kwa ajili ya pasi na mashine za kukausha nywele.

Transfoma nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa 220 kwenda 110. Maana yake zinagawa kwa mbili. Umeme wako ukiwa 240 zitatoa 120, na hapo mashine ya Marekani iko mahali pake. Lakini mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100. Ukiipa 120 umeizidishia asilimia 20, itachemka na kufa mapema. Kwa ya Japani nunua transfoma inayotoa 100 kamili.

Liko pia suala la redio. Mashine za soko la Marekani huruka MHz 0.2 kila hatua na hukaa kwenye desimali zisizogawanyika kwa mbili, 98.3 kisha 98.5. Kituo cha Nairobi kilichoko 98.4 hutakipata sawasawa, isipokuwa menyu iwe na sehemu ya kubadili hatua hizo. Ukipima yote hayo pamoja na dhamana isiyovuka bahari, risiva iliyonunuliwa Dubai, yenye volti 220 hadi 240 na plagi ya pini tatu kama ya kwetu, mara nyingi ndiyo nafuu zaidi.

SWALI: Nimeunganisha risiva ya Denon, spika tano na sabufa moja. Nimeendesha Audyssey nikiwa nimekaa kwenye kochi na maikrofoni mkononi. Sasa besi imekonda, maneno ya waigizaji hayasikiki, na nikiongeza sauti, mlipuko mmoja unaamsha watoto. Matokeo yanaonyesha sabufa -12 dB, spika za mbele Large, na sabufa iko mita 5.1 wakati nimepima kwa futikamba nikapata mita 3. Sakafu ni vigae, kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Je, risiva ni mbovu? (Msomaji, Mwanza)

Risiva haina kosa. Tuanze na hiyo mita 5.1, kwa sababu ndiyo inayowatisha wengi na ndiyo usiyotakiwa kuigusa. Maikrofoni haipimi kwa futikamba, inapima muda. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ni milisekunde 2.9. Saketi zilizo ndani ya sabufa huchelewesha sauti kabla haijatoka, na hizo mita 2.1 za ziada ni ucheleweshaji wa milisekunde 6 hivi. Ukirekebisha iwe mita 3, besi ya sabufa itachelewa kuzifikia besi za spika za mbele na zitakatana.

Hiyo -12 ndiyo dalili mbaya. Ni mwisho wa kipimo, yaani risiva ilitaka kuishusha sabufa zaidi ikashindwa, hivyo huwezi kujua kiwango halisi ni kipi. Punguza kitufe cha sauti kilicho kwenye sabufa yenyewe, pima tena, hadi matokeo yawe kati ya -3 na -9. Kama risiva yako inaonyesha kiwango cha sabufa mwanzoni mwa upimaji, lenga desibeli 75. Ukiwa hapo nyuma ya sabufa, zungusha kitufe cha masafa hadi mwisho au kwenye alama ya LFE (njia maalumu ya besi), kwa sababu kazi ya kugawa masafa sasa ni ya risiva. Vyote viwili vikigawa, sehemu ya besi inapotea katikati. Phase (mpangilio wa muda wa mawimbi ya sauti) iache 0.

Kabla ya kupima upya, sogeza kochi. Besi hurundikana ukutani, na nyumba za matofali ya saruji hazinyonyi besi hata kidogo. Kwa mfano, chumba cha mita 5 kwa 4 hupiga mvumo wake mkuu kwenye Hz 34 upande wa mita 5, na kwenye Hz 43 upande wa mita 4. Ukikaa mgongo ukutani uko ndani ya mrundikano huo. Maikrofoni inauona, inaukata, na kwa kuwa masikio yalishauzoea unahisi besi imekonda. Vuta kochi mbele angalau sentimita 60. Sabufa nayo itafutie mahali: iweke juu ya kochi pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa ukubwa unaolingana ndipo pa kuiweka.

Sasa upimaji wenyewe. Zima pangaboi na friji, subiri jenereta ya jirani inyamaze. Maikrofoni ifungwe kwenye stendi ya kamera ya miguu mitatu, ncha yake ikitazama dari, kwenye urefu wa masikio yako ukiwa umekaa, kwa kawaida sentimita 90 hadi 100. Mkono wako na kifua chako vinarudisha sauti, ndiyo maana matokeo ya kwanza huwezi kuyaamini. Kama mgongo wa kochi ni mrefu na ni wa ngozi, tandika blanketi nene na uiweke maikrofoni mbali nao kidogo. Nafasi ya kwanza ni pale kichwa chako kinapokaa, katikati kabisa, kwa kuwa umbali na viwango vyote vinatokana na hiyo. Nafasi zilizobaki, jumla 6 au 8 kulingana na modeli, ziwe ndani ya sentimita 60 kutoka hapo. Usizipeleke kwenye viti vya pembeni vinavyogusa kuta. Wewe simama nje ya njia ya spika. Likitokea onyo la phase, kagua nyaya nyekundu na nyeusi za spika pande zote mbili. Ukikuta ziko sawa, endelea, kwani kuna spika ambazo huleta onyo hilo bila kosa lolote.

Baada ya kuhifadhi, ingia kwenye menyu ubadilishe Large iwe Small na uweke mgawanyo (crossover, masafa ambayo chini yake besi huenda kwenye sabufa) wa Hz 80. Neno Small halisemi spika yako ni duni. Linaipa sabufa kazi ya besi nzito na kuipumzisha risiva. Kuna kanuni moja ya kushika: mgawanyo unaweza kuupandisha juu ya ule uliopendekezwa, usiushushe, maana Audyssey hairekebishi chini ya pale ilipoona spika inaishia. Sehemu ya besi iachwe LFE, si LFE+Main.

Kuhusu maneno ya waigizaji, hayo hutoka karibu yote kwenye spika ya kati. Ivute hadi ukingo wa mbele wa kabati la TV na uiinue ielekee masikioni. Spika iliyosukumwa ndani ya rafu husikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa, na hakuna kipimo kitakachoiponya. Kisha iongeze desibeli 2, si zaidi ya 3. Dynamic EQ, inayorudisha besi ukisikiliza kwa sauti ya chini, iwashwe, na kwa vipindi vya TV weka Reference Level Offset 10 dB. Usiku, Dynamic Volume, inayosawazisha sauti kubwa na ndogo, kwenye Light au Medium itawaacha watoto walale, mchana izime.

Vigae ndivyo vitakavyobaki kukusumbua. Upimaji hurekebisha kiwango na muda, lakini mwangwi unaorukaruka kati ya sakafu na dari hauufuti. Zulia nene kati ya spika na kochi, pamoja na pazia zito, vitakupa maneno yaliyo wazi kuliko mpangilio wowote wa menyu. Kama modeli yako inakubali programu ya simu ya Audyssey MultEQ Editor, ya kulipia, inunue, kisha zuia urekebishaji uishie Hz 500 hivi. Juu ya hapo spika nzuri ikiachwa ilivyo husikika kwa uhalisia zaidi.

SWALI: Risiva inaonyesha Stereo kila nikifungua filamu kwenye programu za TV, ingawa waya wa HDMI uko kwenye tundu la ARC. (Msomaji, Kisumu)

Karibu kila mara TV ndiyo imewekwa PCM, ambayo kwa ARC hufika kwa chaneli mbili tu. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV, badili kutoka PCM kwenda Auto, Bitstream au Pass-through, jina linategemea kiwanda. Washa pia HDMI-CEC (mawasiliano kati ya mashine kupitia HDMI) pande zote mbili. ARC ya kawaida hupitisha Dolby Digital na Dolby Digital Plus, hata Atmos (sauti inayotumia pia spika za juu) inayotumwa na programu za filamu. Dolby TrueHD ya diski za Blu-ray ndiyo inayohitaji eARC, na kama unayo mashine ya diski, ichomeke moja kwa moja kwenye risiva.

King'amuzi ni habari nyingine. Chaneli nyingi hurushwa kwa stereo, kwa hiyo bonyeza Dolby Surround kwenye rimoti ya risiva ili sauti igawanywe kwa spika zote.

SWALI: Waya wa spika uwe wa unene gani? (Msomaji, Zanzibar)

Hadi mita 10, mm² 1.5 unatosha kwa spika za omu 8. Ukizidi hapo, au spika zikiwa za omu 4, tumia mm² 2.5. Uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani uache. Kwa hewa ya chumvi ya visiwani, ncha zikigeuka kijani zikate, umenye upya, na ufunge plagi za banana zilizopakwa dhahabu.

SWALI: Nina spika saba. Nipange 7.1 au 5.1.2? (Msomaji, Bujumbura)

Kama kochi liko karibu na ukuta wa nyuma, panga 5.1.2 (spika tano, sabufa moja na spika mbili za juu) badala ya 7.1 (spika saba na sabufa moja), kwa sababu spika za nyuma hazitapata nafasi ya kufanya kazi. Mbili za juu zifungwe darini, juu yako au mbele kidogo ya kichwa. Zile zinazowekwa juu ya spika za mbele na kurusha sauti darini zinahitaji dari bapa na gumu, lililo kati ya mita 2.3 na 4.3 kutoka sakafuni. Chini ya paa la mabati lisilo na dari hazitafanya lolote, hapo panga 7.1 na uvute kochi mbele.