Weka msasa pembeni kwanza

Babu alikuwa mpishi kwenye shamba la chai huko Mufindi. Siku ya kuacha kazi alirudi nyumbani na viti vinne vya mninga, badala ya sehemu ya fedha alizokuwa akidai. Mpaka leo ukoo haujakubaliana kama alipunjwa au alibahatika. Vilipofika kwangu hapa Kihesa, Iringa, viwili vilikuwa vinacheza, kimoja kimetoboka pa kukalia, na cha nne mtu alikiwamba kwa zile kamba za plastiki za bluu za kufungia mizigo.

Nilikuwa na Jumapili moja, mashine ya msasa ya kuazima na misumari ya inchi tatu. Kufikia jioni nilikuwa nimeharibu kiti ambacho watoto na wajukuu wote wa yule mzee walishindwa kukiharibu. Mninga ukikaa miaka mingi huiva, unapata rangi ya asali iliyokolea, na ule uivaji uko juu juu tu. Mashine iliutafuna kwa dakika kumi. Nikabaki na kiti kilichopauka kama kimetoka dukani juzi, na kifua kilichowasha kwa vumbi (la mninga ni kali, funga pua na mdomo). Misumari nayo ikapasua ulimi wa mbao ndani ya tundu lake, mahali ambapo gundi ingetosha.

Kiti cha zamani kikicheza, mara nyingi mbao ni nzima. Kilichokufa ni gundi. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na uzuri wake ni kwamba maji ya moto huilainisha. Zungushia kiungio kitambaa kilicholowa maji ya moto, subiri, kisha gonga taratibu huku umeweka kipande cha mbao ili nyundo isiache kovu. Kabla hujatenganisha chochote, andika kwa chaki: mbele kushoto, nyuma kulia. Utadhani utakumbuka. Hutakumbuka.

Kwangua gundi yote kuukuu, lakini usile mbao yenyewe, maana ulimi ukipungua kiungio hakibani tena. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi iliyokufa. Kama huna jiriwa ndefu, tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe inabana vizuri kuliko unavyofikiri. Ukishabana, simamisha kiti sakafuni palipo sawa na uhakikishe miguu yote minne inagusa chini, kwa sababu gundi ikishakauka ndivyo itakavyobaki.

Sisi wa nyanda za juu tuna tatizo ambalo mafundi wa Dar hawalijui. Juni na Julai usiku baridi inashuka mno, na gundi ile nyeupe ikipigwa na baridi hukauka kama unga wa chaki, haina nguvu. Gundisha mchana, kisha ulaze kiti ndani, jirani na jiko. Walioko Njombe na Makambako wazingatie zaidi. Ila kiangazi chenyewe usikikimbie. Mbao imesinyaa, kila kiungio kinakuonyesha ulegevu wake wa kweli. Ukikagua wakati wa masika, mbao imevimba na inakudanganya.

Kuhusu rangi, chovya pamba kwenye spiriti, sugua mahali pasipoonekana, chini ya kiti. Rangi ikilainika na kunata, huenda ni ile vanishi ya zamani inayotokana na wadudu wa India, na haihitaji kubanduliwa: spiriti kidogo kwenye kitambaa inaifufua. Isipolainika, safisha kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, acha ikauke, kisha paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na tapentaini. Yeyusha nta ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, epua, ndipo utie tapentaini mbali na moto. Wauza asali wengi nta wanayo.

Kuwamba kunakuja mwisho, kiti kikiwa kimekazwa na kupakwa. Geuza kiti ukitazame. Kikiwa na matundu madogo kuzunguka pa kukalia, kilifumwa kwa henzirani (rattan), zinazotoka Asia ya kusini mashariki. Agiza Dar, na upime upana wa tundu kabla hujaagiza. Unaloweka kama nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, unafuma mikondo sita: wima, mlalo, wima tena, mlalo wa kupenyeza, kisha hanamu mbili. Upande unaong'aa ukae juu.

Viti vya babu havikuwa na matundu, vina fito nne za mviringo tu. Nikawaza milulu, majani yale yale ya vikapu vyetu vya Iringa. Nikaanza kusuka, yakakatika kila nilipokunja. Nikampelekea shangazi yangu aliyeko Kalenga. Akaangalia, akacheka: "Mwanangu, hata ugali hausongwi bila maji." Akayanyunyizia, akayafunga kwenye gunia bichi, yakalala humo. Asubuhi yalikuwa laini kama uzi.

Unashika mabua mawili matatu, unayasokota kuwa kamba moja ya unene wa penseli, na unasokota pale tu panapoonekana. Unaanza kona ya mbele: juu ya ufito wa mbele, chini, unatokea kati, juu ya ufito wa pembeni, kisha unavuka kwenda kona ya pili, na hivyo hivyo mpaka pembetatu nne zikutane katikati. Mtego ni kwamba kiti ni kipana mbele kuliko nyuma. Changu kilikuwa sentimita 46 mbele na 38 nyuma, tofauti 8, kwa hiyo nilijaza sentimita 4 kila kona ya mbele kwanza, ndipo nikazunguka kona zote. Nilipokipuuza kipimo hicho mara ya kwanza, pembetatu zilikwenda upande kama kanga iliyofungwa vibaya, nikafumua jioni nzima. Mafundo yote yafiche chini, na kila baada ya mizunguko michache sukuma kamba zibanane kwa kijiti butu. Mabaki ya milulu jaza ndani ya mifuko inayobaki kati ya tabaka la juu na la chini, la sivyo katikati patabonyea.

Kiti kimoja kilinila jioni nne. Kikimalizika usikikalie siku mbili, milulu ikauke na kujikaza, na mtu mzito wa familia apewe stuli.