Re: Majibu matatu ya tatizo pacha, lipi ndilo la chini kabisa?

Salaam ndugu. Unatafuta kima cha chini kabisa cha P(x) = ½(½x² − 2)² − 0.5x, na tatizo pacha (dual: tatizo hilohilo likiandikwa kwa kigeu kingine, σ = ½x² − 2) limekupa majibu matatu.

Kwanza kagua alama ya σ, yaani kama ni chanya au hasi. Kwa x = 0.5/σ, pacha yako ni D(σ) = −0.125/σ − ½σ² − 2σ, na sharti la mteremko sifuri ni σ²(σ + 2) = 0.125. Majibu ni takriban 0.236, −0.269 na −1.968. Chukua lile chanya tu: kwenye σ > 0, kila D(σ) ni kikomo cha chini cha P (P haishuki chini yake popote), kwa hiyo P na D zikilingana umemaliza. Hapa x ≈ 2.115, na P na D zote zinatoa −1.03. Lile la −0.269 (x ≈ −1.86) ni bonde la jirani tu, na ndilo linalonasa watu wanaoanza kutafuta kutoka kushoto; lile la −1.968 ni kilele.

Ukiondoa 0.5x, jibu chanya linatoweka, σ inaangukia sifuri, kwa sababu x = 2 na x = −2 zinalingana. Rudisha kani ndogo (kizidishi cha x, badala ya 0.5), mfano 0.01.

Kwa vigeu vingi, badala ya σ > 0 hakikisha matriksi G(σ), inayochukua nafasi ya σ mbele ya x², ni chanya kamili (positive definite): jaribu kuigawanya kwa njia ya Cholesky, ikifaulu ni chanya kamili. Ikikosekana σ ya namna hiyo yenye mteremko sifuri, umebaki na kikomo cha chini, si jibu. Endelea kwa kugawa eneo la x vipande vidogo na kutafuta katika kila kimoja.